Sheria Nayo Ina Isnadi

Assalaam aleykum. Hamjambo nyote. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Nawaona wanafunzi wa sheria, nawaona mawakili wanagenzi, na nawaona wasaidizi wa kisheria kutoka Likoni, Kisauni, Changamwe na Mtongwe, watu ambao hupokea karatasi za majirani zao kabla wakili yeyote hajaziona. Leo nitasema na nyinyi wasaidizi zaidi, maana wanafunzi wana walimu wao.

Mimi ni mkutubi. Huu ni mwaka wa 22 nikipanga vitabu vya sheria hapa mjini na kuwasaidia watu kutafuta ndani yake. Sisimami mbele ya jaji. Lakini hoja nyingi zinazosomwa mbele ya majaji zimeanzia mezani kwangu, na nimeishi kuona zipi zilisimama na zipi zilianguka.

Nianze na mzee mmoja wa Kisauni.

Mwaka wa 2018 aliingia maktabani kijana msaidizi wa kisheria, jasho linamtiririka, bahasha mkononi. Ndani mna notisi: mzee na wanawe waondoke kiwanjani katika siku 21, la sivyo nyumba itabomolewa. Mzee alikuwa amekaa pale tangu ujana wake, na hati ilikuwa ya mtu mwingine. Kijana alikuwa amejitahidi kweli. Alikuwa na Sheria ya Ardhi ya 2012, ameitoa fotokopi nzima na kuipigia mistari ya kalamu nyekundu. Akaniambia, "Bi mkubwa, nimeisoma mara mbili, mwanzo hadi mwisho. Hamna mahali panaposema apewe muda gani."

Alisema kweli. Katika nakala ile hamkuwa na neno. Ilikuwa sheria kama ilivyotoka Bungeni 2012. Lakini mwaka wa 2016 Bunge lilirudi likairekebisha, likaingiza vifungu vipya vinavyoeleza jinsi mtu anavyoweza kuondolewa kwenye ardhi. Kimoja, kile cha 152E, kinasema mwenye ardhi ya kibinafsi akitaka kumwondoa aliyekaa bila idhini yake, ampe notisi ya muda usiopungua miezi mitatu. Miezi mitatu, na mzee amepewa siku 21.

Nilimfungulia toleo la sasa kwenye kompyuta. Akakisoma kifungu mara tatu, akainuka bila kuaga, akakimbia. Mzee alipata zuio la mahakama wiki ile ile. Ila mimi usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu fotokopi ya kijana ilitoka kwenye kitabu cha rafu yangu. Kitabu kilikaa pale miaka miwili baada ya sheria kubadilika, bila hata kipande cha karatasi cha kumwonya msomaji. Watu wanne watano walikuwa wamekiazima kabla yake. Sikujua walikitumia kwa kazi gani, na sitajua.

Tangu siku ile nimebadili namna ninavyowafundisha watu kutafuta sheria, na ndiyo maana nimekubali mwaliko huu.

Wengi wetu hapa Mombasa tumepitia chuoni, yaani madrasa ya Kurani. Mwalimu wangu, Mungu amrehemu, hakukubali hadithi ya Mtume kutoka kwa mtoto aliyeanza na "imesemwa". Angekukatiza: imesemwa na nani? Naye kaipokea kwa nani? Na huyo wa katikati alikuwa mtu wa kuaminika, au alijulikana kwa kusahau? Mlolongo huo wa wapokezi ndio isnadi. Maneno yasiyo na isnadi, hata yawe matamu vipi, hayajengewi hukumu.

Mtu akiniuliza utafiti wa sheria wa hali ya juu ni nini, humjibu hivyo hivyo. Ni kujua neno hili la sheria limetoka wapi, limepita mikono gani, na leo hii liko katika hali gani. Kutafuta tu ni jambo jepesi. Mtoto wa darasa la nane atakutafutia kwa simu. Tena sheria inadai zaidi ya ile isnadi ya chuoni, kwa sababu inakutaka ufuate nyuma na ufuate mbele pia. Baada ya jaji kusema, nani alimkubali, nani alimpinga, nani alikuja akalifuta neno lake?

Chukueni kesi ambayo kila mtu wa Mombasa angepaswa kuijua, ile ya kampuni ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kiwanja kiko Nyali, upande wa ufuo. Kampuni imekinunua, hati inayo, ukuta imejenga. Mwaka wa 2017 kaunti ikaja ikauvunja ukuta ikisema pale ni njia ya umma ya kushukia pwani. Kampuni ikaenda mahakamani na hati yake. Ikashindwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ikashindwa katika Mahakama ya Rufaa, na tarehe 21 Aprili 2023 ikashindwa katika Mahakama ya Juu. Majaji walirudi nyuma mpaka 1989, kiwanja kilipogawiwa rais wa wakati huo, wakauliza kama siku ile kilikuwa kitu cha kugawiwa na kama utaratibu ulifuatwa. Wakakuta ni ardhi ya umma na utaratibu haukufuatwa. Basi mikono yote kilimopita baadaye haikuweza kukitakasa. Mnunuzi hawezi kujitetea kwa kusema alipekua katika ofisi ya ardhi akakuta jina la muuzaji. Alitakiwa alifikie shina la ile hati.

Mawakili wanaisoma hukumu hii kama kesi ya ardhi, na ni sawa. Mimi huisoma kama mkutubi. Kilichomponza mnunuzi ndicho kinachotuponza sisi watafutaji: kuridhika na karatasi ya mwisho. Jaji anakwambia hati inayometameta haitoshi, ifuate mpaka ilikozaliwa. Na nukuu ya sheria unayoikuta imeandikwa vizuri kwenye hoja ya wakili mwenzako nayo ifanyie hivyo hivyo. Nimeona hoja tano za ofisi tano tofauti hapa mjini zikinukuu sentensi moja ya jaji, zote zikiwa na kosa lile lile la herufi. Maana yake hakuna hata mmoja aliyefungua hukumu yenyewe. Walipokezana.

Sasa tushuke kwenye kazi.

Kwenye ardhi ya Pwani kurudi nyuma hakukwepeki. Mwaka wa 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hatimiliki kwa ajili ya ukanda huu wetu. Mwenye kudai ardhi alipeleka madai yake kwa Msajili wa Hatimiliki hapa Mombasa, na ardhi ambayo haikudaiwa na mtu ikahesabiwa ya serikali. Sheria ile ilidumu kwenye vitabu mpaka 2012. Kwa hivyo mtu wa Mtwapa akikuletea mgogoro leo, usishangae ukijikuta kwenye karatasi za babu wa babu yake. Rudi nyuma zaidi na utakutana na tarehe 12 Agosti 1897, ambayo imo katika kifungu cha 3 cha Sheria ya Mahakama, sura ya 8 ya Sheria za Kenya: mahakama zetu zinaweza kutumia sheria za kimazoea za Uingereza, kanuni zake za insafu, yaani za haki na usawa, na sheria za jumla zilizokuwa zikitumika kule siku hiyo, ila tu pale sheria zetu wenyewe zimenyamaza na hali ya watu wetu inaruhusu. Ndiyo sababu wakili wa Mombasa wa leo anaweza kusikika akitaja jaji wa London wa karne ya 19 bila kuwa amepotea njia.

Halafu kuna mtego ambao nawaomba muuandike. Zamani tukisema "Sura ya 300" kila mtu alijua ni Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa, na "Sura ya 280" ni Sheria ya Ardhi za Serikali. Zote mbili zilifutwa 2012. Lilipotoka toleo la marekebisho la 2022, sheria mpya zikapewa nambari za sura, na nambari zile zile za zamani zikarudi na wenyewe wapya: leo Sura ya 300 ni Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, na Sura ya 280 ni Sheria ya Ardhi ya 2012. Hukumu ya 1995 ikitaja Sura ya 300 na ya 2024 ikitaja Sura ya 300, ni vitu viwili. Kijana asiyetazama mwaka atachukua maneno ya jaji juu ya sheria iliyokufa ayavike sheria iliyo hai.

Jambo jingine ambalo vitabu vingi vya mbinu za utafiti havilitaji, kwa sababu waandishi wake hawakukaa barazani kwetu: lugha. Mwenye shida anakuja na Kiswahili, na hukumu karibu zote zimeandikwa kwa Kiingereza. Katikati yao umesimama wewe. Mama wa Majengo anasema, "Nyumba ni yangu, ardhi si yangu." Utaandika nini kwenye kisanduku cha kutafutia? Ukiandika maneno ya jumla juu ya nyumba na ardhi utapata maelfu ya hukumu. Lakini utaratibu huu wa Mombasa wa mtu kujenga nyumba juu ya ardhi ya mwenzake na kumlipa kodi ya ardhi umekuwa mbele ya majaji wetu miaka mingi, na wao wameuita "house without land". Weka maneno hayo matatu ndani ya alama za kunukuu, uyaambatanishe na jina la Mombasa, na utaletewa kesi za watu wanaofanana na yule mama.

Sasa tazameni mwingine anayesema karibu maneno yale yale: "Nimekaa hapa miaka thelathini, hakuna aliyeniuliza." Huyu huenda hoja yake ni umiliki kwa ukaaji wa zaidi ya miaka 12 chini ya Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, sura ya 22, ambao kwa Kiingereza huitwa "adverse possession". Lakini kabla hujagusa kompyuta, muulize: umewahi kumlipa mtu kodi ya ardhi hapo? Akisema ndiyo, alikuwa akikaa kwa ruhusa, na mlango ule unafungika. Swali moja la barazani limekuepusha na siku mbili za kusoma kesi zisizomhusu. Kwa hiyo wasaidizi wa kisheria msijidharau mbele ya wenye digrii. Kujua la kuuliza ndiyo nusu ya utafiti, na nyinyi ndio mnaoijua Kisauni.

Majina nayo yana shida zake. Anayetafuta kesi ya ukoo fulani wa hapa kwa jina la Mohamed, asipoandika pia Mohammed na Muhammad, atasema kesi haipo nayo ipo. Saleh ni Swaleh, Sheikh ni Shekhe, na karani wa zamani aliandika alivyosikia. Mambo ya wakfu, yaani mali iliyotolewa kwa ajili ya dini au hisani, ndiyo yanayonisumbua zaidi. Sheria ya zamani ya makamishna wa wakfu iliandika "wakf", na sheria mpya ya 2022 iliyochukua nafasi yake inaandika "waqf". Ukitafuta kwa tahajia ya leo peke yake umejifungia nje ya miongo ya hukumu kuhusu misikiti, makaburi na mashamba ya watoto wa watu. Programu nyingi za kutafutia hukuruhusu kuunganisha tahajia mbili kwa neno la Kiingereza lenye maana ya "au", likiandikwa kwa herufi kubwa: OR. Litumieni.

Mahali pa kwanza pa kutafutia nadhani nyote mnapajua, tovuti ya Kenya Law. Ni ya Baraza la Kitaifa la Kuripoti Sheria, lililoundwa kwa sheria ya 1994, na haitozi hata senti. Kuna nchi ambazo mwananchi hulipa ili asome sheria inayomfunga. Hapa kwetu muuza samaki wa Marikiti mwenye simu anasoma hukumu ya Mahakama ya Juu sawasawa na wakili mkubwa wa Nairobi. Nikikumbuka tulikuwa tukiandika barua na kungoja nakala kwa posta, naiona hii kuwa neema, na neema haiachwi ikakaa bure.

Jifunzeni kuisoma ile anwani ya hukumu. Ukiona [2023] KESC 30 (KLR), ambayo ndiyo ile kesi ya Nyali, KE ni Kenya, SC ni Mahakama ya Juu, 30 ni nambari ya uamuzi kwa mwaka ule, na KLR ni Kenya Law Reports, yaani taarifa za kesi za Kenya. Ukiona KECA ni Mahakama ya Rufaa, KEHC ni Mahakama Kuu, KEELC ni Mazingira na Ardhi. Kwa hiyo kabla hujasoma mstari mmoja umeshajua uzito wa kilichoko mbele yako, maana Kifungu cha 163 cha Katiba kinazifunga mahakama nyingine zote kwa maamuzi ya Mahakama ya Juu. Zile anwani za zamani zenye mwaka na eKLR tupu hazina nambari, na watu wale wale wanaweza kuwa na maamuzi matatu mwaka mmoja. Tazameni tarehe na jina la jaji.

Majirani na wa mbali nao wamefungua milango kwa tovuti zao za sheria. TanzLII ya Tanzania, ULII ya Uganda, SAFLII ya Afrika Kusini, BAILII ya Uingereza, zote bure. Zile za kulipia kama LexisNexis, Westlaw na HeinOnline ni nzuri mno kwa kufuata kesi mbele na nyuma, ila bei yake si ya mtu wa Likoni. Vyuo vikuu hulipia baadhi yake, kwa hivyo mwanafunzi uliyeko hapa, una ufunguo ambao jirani yako hana. Mfungulie.

Basi mtu ataniuliza, kama yote yako mtandaoni, wewe na rafu zako mwatakiwa nini? Yote hayako mtandaoni. Hukumu nyingi za mahakimu hazimo. Mabuku ya kale ya taarifa za kesi za Afrika Mashariki, yanayoanza na kesi za 1897, wakati mahakama kuu ilikuwa hapa hapa Mombasa kabla ya kuhamia Nairobi, ni ya kushikwa kwa mkono. Lile jengo la Mahakama ya Kale mkabala na Ngome ya Yesu, lililojengwa 1902, watalii hulipiga picha kisha wakaondoka. Kumbe mengi ya yaliyoamuliwa enzi zile bado yanatajwa na mawakili wetu. Na kitabu cha ufafanuzi kilichoandikwa na mjuzi kinakupa kitu ambacho kisanduku cha kutafutia hakiwezi, yaani ramani. Kompyuta hujibu ulichouliza. Kitabu hukuonyesha ulichopaswa kuuliza, kwa kuwa sura ya jirani imekaa hapo hapo na jicho linaiangukia.

Mimi nikipewa jambo nisilolijua huanza na kitabu, nikasoma sura moja taratibu, nikaandika kando majina ya kesi na vifungu. Ndipo naenda mtandaoni na vile nilivyoandika, nikahakikisha kimoja kimoja kama bado kipo. Kisha narudi kitabuni. Wazee wa jahazi walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na mimi kila nikiliona neno "marejeo" chini ya ukurasa hukumbuka ngama ile. Huko chini ndiko mzigo uliko. Watu husoma hukumu juu juu wakaruka tanbihi na kesi zilizotajwa ndani, ilhali jaji mwenyewe amekwisha kukufanyia nusu ya kazi.

Gazeti Rasmi la Serikali msilisahau. Limekuwa likitoka tangu 1899, na siku hizi hutoka kila Ijumaa. Sheria inaweza kupitishwa na isianze kufanya kazi mpaka waziri atangaze tarehe humo. Kiwanja chako kinaweza kutangazwa humo kuwa kinatwaliwa kwa barabara, na muda wa kulalamika ukaanza kuhesabiwa wewe ukiwa umelala. Kila kikundi cha wasaidizi wa kisheria kiweke mtu mmoja wa kulisoma kila juma. Ni kazi ya nusu saa.

Nirudi kwenye kufuata mbele, maana huko ndiko watu walikoumia.

Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Muruatetu. Ilisema jaji kulazimishwa kutoa hukumu ya kifo kwa kosa la mauaji, bila nafasi ya kupima hali ya mshtakiwa, kunakiuka Katiba. Habari zikaenea magerezani kama moto wa makuti. Mahakama nyingi zikaichukua hoja ile zikaipeleka kwenye wizi wa mabavu, zikaipeleka kwenye makosa ya unajisi wa watoto, na wafungwa wakapunguziwa vifungo. Wengine wakaandika maombi kwa mikono yao wenyewe wakiwa gerezani. Halafu tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikarudi ikatoa mwelekeo: tulichosema ni cha mauaji peke yake, makosa mengine yafikishwe kwetu kwa njia yake. Na mwaka wa 2024 ikashikilia tena kwamba vifungo vya chini vilivyowekwa na Sheria ya Makosa ya Kimapenzi haviwezi kupuuzwa kwa kuitegemea Muruatetu.

Sasa fikirini mtu aliyeandika ombi mwishoni mwa 2021 akiwa na nakala ya 2017 peke yake. Nakala ni halali, maneno ni ya majaji, mahakama ni ya juu kuliko zote, hata nukuu haina kosa. Na ombi linatupwa. Mimi niliwahi kuletewa ombi la namna hiyo na mama wa kijana aliyefungwa. Alikuwa ameuza mbuzi kumlipa aliyeliandika. Nilimfungulia ule uamuzi wa 2021, nikamfasiria kwa Kiswahili mstari kwa mstari, na sikuona mahali pa kuweka macho yangu.

Kwa hiyo kila hukumu mnayotaka kuitegemea, iandikeni jina lake kwenye kisanduku cha kutafutia kana kwamba ni neno la kawaida, mpange majibu kuanzia mapya zaidi, msome watatu wanne wa mwisho waliolitaja. Wamelifuata, au wamelitofautisha, au wamesema lilifutwa? Angalieni pia kama shauri lilikatiwa rufaa. Ni dakika ishirini. Sijawahi kusikia sababu ya kuridhisha ya kuziruka dakika hizo ishirini.

Na haya maprogramu ya akili mnemba, najua mnayo kwenye simu. Siwakatazi. Yanasaidia kukupa maneno: ukiyaeleza shida ya mama wa Majengo, yanaweza kukupendekezea istilahi za Kiingereza za kutafutia, na hilo lina faida kwetu tunaotoka lugha moja kwenda nyingine. Lakini kesi yasiwape. Mwaka wa 2023 huko New York mawakili wawili na ofisi yao walitozwa faini ya dola 5,000 katika kesi ya Mata dhidi ya shirika la ndege la Avianca, baada ya kupeleka mahakamani hukumu ambazo ChatGPT ilizibuni, majina, nambari na nukuu ndani yake. Hazikuwahi kuwapo. Mwalimu wangu wa chuoni angeitambua hila ile bila kuwa na kompyuta. Angeuliza tu, na wewe umeipokea kwa nani? Mashine haina wa kumtaja.

Nimesema ya kutosha, na mwaliko ulisema tutafanya kazi, tusikae kusikiliza tu. Kwenye kila kiti pana karatasi iliyokunjwa. Ndani mna jina la hukumu moja na sentensi moja iliyonukuliwa kutoka kwayo. Baadhi ziko hai. Baadhi zimefutwa. Kuna tatu ambazo nukuu yake haimo ndani ya hukumu kabisa, na kuna moja ambayo jaji aliitamka kama maoni ya pembeni yasiyomfunga mtu. Mna muda mpaka chai. Wasaidizi wa kisheria na wanafunzi kaeni wawili wawili, mmoja wa huku na mmoja wa huku. Mabuku yako meza ile ya dirishani, na nywila ya intaneti imeandikwa ubaoni.

Kunjueni karatasi. Binti wa mstari wa tatu, mwenye mtandio wa kijani, anza wewe. Inasema nini, na nani kakwambia?